Kadejo, Grigio, Mbwa Mweusi au Shisa: mlinzi yupi anamfaa mhusika wako?

Unataka kuandika hadithi yenye kiumbe mfano wa mbwa anayemlinda mwenziwe kufa na kupona. Umbo lake halikusumbui: manyoya mazito, macho ya moto, ukubwa wa ndama. Shida inaanza pale mhusika wako anapoingia hatarini mara ya pili, na msomaji anajua fika kwamba mnyama atatokea amwokoe. Hofu imekwisha, na hadithi imekwisha nayo. Miswada ya waandishi chipukizi ninayopewa niisome huanguka papo hapo, tena huanguka ikiwa imeandikwa vizuri, ndiyo maana naumia nikiiona.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya anayeandika riwaya ya fantasia, anayechora katuni, au anayeendesha mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji anaigiza mhusika wake. Nimechagua walinzi wanne kutoka kwenye masimulizi ya kweli ya watu: kadejo wa Amerika ya Kati, Grigio wa Torino, mbwa mweusi wa Uingereza, na shisa wa Okinawa. Simaanishi umchukue mmoja wao mzimamzima umtie katika kijiji chako. Naomba utazame namna anavyofanya kazi, kwa kuwa waliomsimulia vizazi kwa vizazi walishakutana na tatizo lako, na kila mmoja alilitatua kwa njia yake.

Wengine nimewaacha kwa makusudi. Kerberos wa Wagiriki, mwenye vichwa vitatu, ni maarufu kuwapita hawa wote, lakini yeye ni bawabu wa kuzimu. Kazi yake ni kuzuia wafu wasitoke, na hana mtu anayempenda. Cù Sìth wa nyanda za juu za Scotland, mbwa wa kijani mwenye mkia uliosokotwa mgongoni, ni mlinzi wa viumbe wa vilimani, na binadamu kwake ni wa kutishwa. Mbwa wa Watu wa Pangoni, ambaye msomaji Mwislamu anamjua kutoka Sura ya 18 akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, simweki katika orodha ya viumbe wa kubuni, maana ile ni habari ya dini. Namtaja kwa sababu moja tu: mwandishi wa Kiswahili asidhani kwamba picha ya mbwa anayewalinda watu wema ni ngeni masikioni mwa wasomaji wake.

Vigezo kwanza

Wengi huanza kwa kuuliza yupi ana nguvu zaidi. Swali hilo halikufikishi popote, kwa kuwa nguvu za kiumbe wa kubuni unampa wewe mwenyewe, na leo ukimpa meno ya chuma kesho unaweza kumwongezea mabawa. Mimi nampima kila mmoja kwa mambo manne.

La kwanza ni anamlinda nani, na kwa nini. Yupo mlinzi wa mtu mmoja, yupo mlinzi wa yeyote apitaye njia fulani, na yupo mlinzi wa nyumba au kijiji. La pili ni ukali wake: anauma, anatisha, au kusimama kwake tu kunatosha? La tatu, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote, ni mpaka. Ulinzi unaishia wapi? Mlangoni? Mwisho wa msitu? La nne ni gharama, yaani anayelindwa analipa nini. Mlinzi asiye na mpaka wala gharama humnyang'anya mhusika wako kazi ya kuishi.

Kadejo

Kadejo husimuliwa Guatemala, El Salvador, Honduras, Nikaragua na Kosta Rika, na kila nchi ina namna yake. Kwa umbo ni mbwa mkubwa mwenye manyoya marefu na macho yanayowaka gizani, ila miguu yake inaishia kwa kwato kama za mbuzi. Katika masimulizi mengi wapo wawili, mweupe na mweusi. Mweupe analinda, mweusi anaangamiza.

*Anamlinda nani.* Anayetembea usiku peke yake, na hasa mlevi anayerudi nyumbani akiyumba. Hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Kadejo mweupe hamuulizi mtu kama anastahili. Anamfuata yule ambaye mtaa mzima umeshamkatia tamaa, anatembea nyuma yake kwa umbali, kwato zikigonga mawe, mpaka anamfikisha kwake.

*Ukali wake.* Ukali wa mweupe unaonekana anapokutana na mweusi. Hapo hupigana vikali, na mtu anapata nafasi ya kuondoka. Kwa mwandishi hili ni faida kubwa: adui ana nguvu sawa na mlinzi, na asili yao ni moja. Matokeo hayajulikani kabla ya pambano.

*Mpaka na gharama.* Mpaka wake ni njia na usiku. Ukishaingia ndani, kazi yake imekwisha, na yatakayokupata humo ndani, ugomvi wa ndoa au madeni au majuto, hayamhusu. Gharama ni kwamba mweupe haji peke yake. Palipo na mmoja, mwingine hayuko mbali, na masimulizi huonya usimgeuzie mgongo yule mweusi wala kusema naye, usije ukapotewa na akili. Huko Guatemala husimuliwa pia kwamba mweusi akimramba mlevi mdomoni, mtu huyo hataachana na pombe tena. Kosta Rika ndiko walikokwenda mbali zaidi. Kwao kadejo ni mmoja tu, mweusi, anaburuta minyororo, na husemekana alikuwa kijana aliyelaaniwa na baba yake. Huwafuata walevi na watoro wa nyumbani, akiwatisha warudi kwao. Mlinzi na adhabu vimekaa katika mwili mmoja.

*Anamfaa nani.* Mwandishi mwenye mhusika aliyeharibikiwa, anayehitaji kulindwa na hatari ya nje huku hatari kubwa ikiwa ndani yake mwenyewe. Hamfai anayetaka urafiki wa karibu kati ya mtu na mnyama. Kadejo hashikwi, habembelezwi, wala hapewi jina.

Grigio

Huyu ana historia tofauti, kwa sababu habari zake zimeandikwa na mtu aliyesema alimwona. Padri Yohane Bosco wa Torino, kaskazini mwa Italia, alizaliwa 1815 na kufariki 1888. Aliwakusanya vijana maskini wa mji huo katika eneo la Valdocco, akawapa malazi, masomo na ufundi. Shirika lake la Wasalesiani liko Lubumbashi tangu 1911, na Tanzania na Kenya tangu 1980, kwa hiyo wako wasomaji wa Kiswahili waliomsikia mbwa huyu wakiwa wangali shuleni. Waumini wengi humwona kama ishara ya Mungu. Naliheshimu hilo. Hapa namtazama kama msimulizi anavyotazama kisa.

*Anamlinda nani.* Mtu mmoja, kwa jina lake. Padri alikuwa na watu waliomchukia kwa kazi na maandishi yake, na miaka ya 1850 alishambuliwa zaidi ya mara moja. Njia ya kwenda kwake ilipita sehemu tupu, yenye vichaka. Mbwa mkubwa wa kijivu, mwenye sura ya mbwa mwitu, alikuwa akitokea jioni padri anapokuwa peke yake, anatembea ubavuni pake mpaka nyumbani, kisha anakwenda zake. Hakuna aliyejua mwenyewe ni nani.

*Ukali wake.* Anauma. Usiku mmoja wa mvua na ukungu, mwishoni mwa Novemba 1854, padri alikuwa akitoka mjini akaona watu wawili mbele yake wakienda kwa mwendo wake yeye: akiharakisha wanaharakisha, akipunguza wanapunguza. Akataka kugeuka, akawa amechelewa. Walimrushia joho kichwani na kujaribu kumziba mdomo kwa kitambaa. Ndipo Grigio akatokea akinguruma, akamrukia mmoja usoni kwa makucha, akamgeukia wa pili kwa meno. Wale watu wakaanza kumwomba padri amwite mbwa wake. Akawajibu kwamba atamwita iwapo na wao watawaacha wapita njia kwa amani. Tazama kilichotokea katika mazungumzo hayo: mtu aliyekuwa anazibwa pumzi ghafla ndiye mwenye kupanga masharti, na sharti analotoa si kwa faida yake pekee. Wahenga wetu walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Hapa msasi ni mpole na mbwa ni mkali, na kisa chote kinasimama juu ya tofauti hiyo.

*Mpaka na gharama.* Grigio haitwi akaja. Anatokea anapojua yeye. Siku moja aliingia hata mezani walipokuwa wakila, vijana wakamshikashika, wakampa chakula, akanusa asile. Mlinzi asiyekula kwako huna cha kumfunga nacho. Lakini gharama yenyewe iko katika kisa kingine, ambacho kwangu ndicho bora kati ya vyote vilivyomo katika makala hii. Jioni moja padri alitaka kutoka, mama yake, Mama Margherita, akimsihi asiende. Alipofika mlangoni alimkuta Grigio amelala ameziba njia. Akajaribu kumruka, mbwa akanguruma. Kila alipojaribu, alizuiwa. Mama akamwambia mwanawe kwamba kama hataki kumsikia yeye, basi na amsikie mbwa. Alibaki. Baadaye kidogo jirani alikuja mbio kumwonya kwamba kuna watu wamemvizia.

Mwandishi, kaa na tukio hilo. Meno yale yale yaliyomtetea njiani sasa anaonyeshwa yeye. Wengi wetu tukibuni mlinzi tunamfanya mtumishi, anatii kila neno. Hapa anayelindwa ananyimwa kutoka nyumbani kwake, na hajui sababu mpaka jirani aje. Ukiweka hilo katikati ya hadithi yako, kabla ya jirani kufika, msomaji atalazimika kujiuliza kama mnyama ni rafiki au ameshageuka.

*Anamfaa nani.* Hadithi ya mtu mmoja mwenye kazi ya hatari anayoifanya kwa moyo mweupe: mwalimu, mwandishi wa habari, muuguzi wa kijijini, mama anayesimamia kesi ya ardhi. Hafai ukitaka kiumbe chenye asili inayoelezeka, ukoo, na sheria za uchawi zilizo wazi. Ukimweleza Grigio ametoka wapi, umemuua.

Mbwa Mweusi

Uingereza ina mbwa weusi wa masimulizi karibu kila mkoa, na wengi wao si wa kuombea kukutana nao. Aliye maarufu ni yule wa Suffolk, anayesemekana kuingia katika kanisa la Bungay tarehe 4 Agosti 1577, katikati ya tufani, na watu wawili wakafa. Katika kanisa la Blythburgh, wageni bado huonyeshwa mlango wenye alama za kuungua ambazo watu humhesabia yeye. Sehemu nyingi, kumwona mbwa mweusi usiku ni ishara ya kifo.

Lincolnshire, mashariki mwa nchi hiyo, walisimulia vingine. Kwao mbwa mweusi hutokea kando ya ua la miti, anatembea sambamba na mwanamke anayerudi nyumbani peke yake, na kutoweka penye uwazi au shimo analolijua yeye. Visa vya aina hii vilikusanywa na kuchapishwa huko 1938.

*Anamlinda nani.* Mpita njia, bila kujali ni nani. Hana uhusiano naye kabla wala baada.

*Ukali wake.* Haumi kabisa. Kisa kimoja cha kaskazini kinaonyesha namna anavyofanya kazi. Mtu alikuwa na safari ya usiku kupita msitu mnene. Alipoingia msituni mbwa mkubwa mweusi aliungana naye, akawa anasikia nyayo zake pembeni kwenye majani, hata pale asipomwona. Alipotoka upande wa pili, mbwa hayupo. Wakati wa kurudi, vivyo hivyo. Akafika salama, akaishi miaka yake. Baadaye sana, wafungwa wawili waliohukumiwa kunyongwa walimwambia padri wa gereza kwamba usiku ule walikuwa msituni wamekusudia kumuua, lakini walipoona ana mbwa wa namna ile, wakaona kwamba mtu na mbwa kwa pamoja wangewashinda.

Hakuna pambano wala damu. Mhusika hakujua kwamba aliokolewa mpaka miaka ikapita, na aliyemjulisha ni yule aliyetaka kumuua. Mwandishi anayeogopa kwamba hadithi bila mapigano itakuwa baridi na aitazame hii tena: hofu yote imehamishiwa nyuma, na inampata mtu akiwa ameketi salama.

*Mpaka na gharama.* Mpaka ni msitu wenyewe, au ua la miti, au daraja. Gharama ni kutojua. Yule anayekusindikiza na yule anayekuja kutangaza kifo chako wana umbo moja, na huna namna ya kuwapambanua njiani. Yuko pia ndugu yake, mlinzi wa makaburi ya kanisa, na huyo gharama yake inauma zaidi. Ilisadikiwa kwamba wa kwanza kuzikwa katika makaburi mapya ndiye atakayeyalinda na asipate kupumzika, kwa hiyo walimzika mbwa mweusi upande wa kaskazini ili binadamu asibebeshwe kazi hiyo. Mlinzi huyu alitolewa mhanga ili alinde. Ukiwa na moyo wa kuandika hadithi kutoka upande wa mnyama, hapo pana riwaya nzima.

*Anamfaa nani.* Anayependa hofu ya polepole na siri inayofunguka mwishoni. Anafaa sana hadithi fupi. Kwa riwaya ya kurasa mia tatu utachoka naye, kwa sababu hakui, habadiliki, na wala hakumbuki kwamba mlikutana.

Shisa

Shisa ni wa visiwa vya Okinawa, vilivyokuwa ufalme wa Ryukyu kabla ya kuwa sehemu ya Japani. Ni nusu simba, nusu mbwa, na leo ukitembea huko utamkuta juu ya mapaa na kwenye nguzo za mageti, mara nyingi wawili wawili, mmoja amefumbua kinywa na mwenziwe amefumba. Husemwa aliyefumbua anafukuza mabaya na aliyefumba anayazuia mema yasitoke.

*Anamlinda nani.* Nyumba, familia, kijiji. Mtu analindwa kwa sababu anaishi hapo.

*Ukali wake.* Kisa chake cha kale kinasema mfalme alipewa zawadi ya mkufu wenye kishaufu cha shisa, kutoka kwa mjumbe wa China. Joka lilikuwa likiusumbua mji wa Naha, watu wakikimbia nyumba zao. Mfalme aliposimama mbele ya joka na kuinua ule mkufu juu, ngurumo kubwa ilitikisa nchi, na jiwe kubwa likaangukia mkia wa joka likalinasa hapo mpaka likafa. Baada ya hapo ukali wa shisa ni wa kusimama. Katika kijiji cha Tomimori yupo shisa wa jiwe aliyewekwa mwaka 1689 kwa sababu kijiji kilikuwa kinaungua moto mara kwa mara, na mjuzi wa mambo ya ardhi alisema chanzo ni mlima wa Yaese. Wakamchonga mnyama, wakamwelekeza uso mlimani. Bado yuko. Mwaka 1945, katika vita vya Okinawa, askari wa Marekani walijikinga nyuma yake, na mwilini mwake zimebaki alama za risasi.

*Mpaka na gharama.* Haondoki alipo. Mhusika wako akisafiri, shisa anabaki, isipokuwa ufuate kisa cha mkufu na kumfanya kitu cha kuvaliwa shingoni, jambo ambalo msomaji aliyekulia kati ya hirizi atalielewa mara moja. Gharama ni ndogo: mtu amtengeneze, amweke, amwelekeze panapostahili. Akielekezwa vibaya hana kazi.

*Anamfaa nani.* Hadithi ya nyumba na ukoo, au ya kijiji kinachotishiwa. Pia hadithi za watoto.

Wakiwekwa bega kwa bega

Wanaofanana na kuchanganya watu zaidi ni Grigio na mbwa mweusi wa Lincolnshire. Wote wanasindikiza, wote wanatoweka, wote hawana mwenyewe. Tofauti iko katika kumbukumbu. Grigio anamjua mtu wake na anarudi kwake mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo kuna uhusiano unaoweza kukua, kujaribiwa na kuumiza. Mbwa mweusi anaijua njia, na wewe ni mmoja wa waliopita. Kabla ya kuchagua kati ya hao wawili, jiulize kama mhusika wako atalia siku mnyama asipotokea. Jibu likiwa ndiyo, unamhitaji Grigio.

Kadejo na mbwa mweusi nao hukaribiana kwa giza na hatari, ila kadejo amewagawa wawili, mwema na mwovu, ilhali mbwa mweusi amewaacha katika umbo moja. Mgawanyo humpa msomaji mdogo au mchezaji wa mezani kitu cha kushika. Umbo moja humpa msomaji mzima mashaka yanayodumu. Shisa anasimama kando yao wote, kwa kuwa yeye hafuati mtu.

Jambo jingine linawahusu wanaoandika kwa wasomaji wa Pwani na popote penye familia nyingi za Kiislamu. Mbwa wa ulinzi na wa kuwindia anaruhusiwa, lakini katika nyumba nyingi haingii ndani, na mate yake yakigusa chombo huoshwa mara saba. Mhusika wa Lamu au Unguja anayelala kitanda kimoja na mnyama mfano wa mbwa atamtoa msomaji kwenye hadithi, isipokuwa hilo lenyewe ndilo jambo unalotaka kulizungumzia. Kadejo mweupe na mbwa mweusi wanakaa kwa umbali, hawana tatizo. Grigio anaweza kubaki mlangoni, na kwa bahati njema mlangoni ndipo anapopendeza zaidi. Shisa ana swali lake tofauti: sanamu ya mnyama juu ya paa la nyumba ya Kiislamu itahitaji maelezo, basi mkufu ni salama kuliko sanamu. Haya hayakuzuii kuandika upendavyo. Ni kwamba kizingiti, ua na baraza ni sehemu ambazo wasomaji wako wanazijua kwa undani, na mlinzi anayekaa hapo atakuwa na uzito ambao mnyama wa sebuleni hana.

Kwa hali yako

Una mhusika mlevi, mtoro, au mwenye deni la dhambi? Chukua mfumo wa kadejo, na uamue mapema kama utafuata wale wawili au yule mmoja wa Kosta Rika. Usichanganye katika hadithi moja, maana mpiganaji na mwadhibu wanataka miisho tofauti.

Una mtu mwema anayewindwa kwa sababu ya kazi yake? Grigio. Panga matukio matatu yasiyofanana: analomtetea kwa meno, analomzuia mwenyewe, na siku asiyotokea. La tatu usiliache. Bila siku hiyo, kila hatari utakayoandika itakuwa bandia.

Unaandika hadithi fupi, au ya kutisha, au yenye siri? Mbwa mweusi. Anza safari, mwonyeshe mara moja au mbili tu, kisha acha adui mwenyewe ndiye aeleze. Kama anayesafiri ni mwanamke au mtoto, yale masimulizi ya Lincolnshire yatakupa njia ya kumweka mnyama karibu bila kumfanya dada huyo mnyonge: anatembea kwa miguu yake, anafika kwake, na mlinzi hakumfanyia uamuzi wowote.

Hadithi yako inahusu nyumba inayogombewa na ndugu, au kijiji kinachotishwa na moto, mafuriko au mwekezaji? Shisa. Hapo swali linakuwa nani ana haki ya kumgeuza uso, na kuelekea wapi. Ndugu wawili wakigombana juu ya mlinzi atazame mlimani au baharini, umeshapata sura tano.

Unaandikia watoto walio chini ya miaka kumi? Shisa au kadejo mweupe peke yake. Grigio wa mlangoni huwatisha wadogo kwa namna isiyowafaa, kwa sababu mtoto anataka kujua tangu mwanzo kwamba anayempenda hatamngurumia.

Na kama unaendesha mchezo wa mezani, fikiria wenzako wanaoizunguka meza. Mlinzi wa mtu mmoja, kama Grigio, humfanya mchezaji mmoja kuwa mfalme na wengine watazamaji. Kadejo anagawanyika vizuri, kwa kuwa mweusi anaweza kumfuata mchezaji mmoja na mweupe mwingine bila wao kuambiwa yupi ni wa nani. Weka sheria moja ya mpaka, uitangaze kabla ya dadu ya kwanza kurushwa, na usiibadilishe hata mchezaji akiwa hatarini kufa.